Kiapo Kilichokatwa Ulemba

Zama za magobore na pembe za ndovu, nchi ya Ulemba ilizika watemi watatu katika misimu michache, na hakuna hata mmoja aliyefia kitandani. Kila mmoja alikuwa ameapa mbele ya Kalunde, mwanamke aliyerithi kwa mama yake maneno ya Kiapo cha Kiti: mtemi asiuze raia wake; wazee wakimkataa, ashuke; naye akishuka, asiuawe.

Mtemi wa tatu alipoanza kuwauza watu kwa misafara ya pwani, Mlekwa, kaka yake Kalunde, aliinua mkuki kwa jina la kiapo hicho. Yeye na watu wake wakalizingira boma la mtemi mpaka waliokuwa ndani wakatafuna ngozi za ngao zao. Kalunde mwenyewe alibeba baruti kichwani, risasi zikimpita masikioni. Lango lilipoanguka, alilia kwa furaha.

Siku ya kutawazwa kuwa mtemi mpya, Mlekwa, ngozi ya simba mabegani, alimvuta kando.

"Dada, hilo la kushuka liache kwanza. Nchi haijatulia."

"Haitulii kwa sababu kila mmoja wenu huliacha kwanza."

"Mimi si kama wao."

"Basi litakudhuru nini, kaka?"

Wakati wa kuapisha, Kalunde alipofika penye maneno yale ya kushuka, ngoma zilipigwa ghafla, zikaimeza sauti yake. Aliwatazama wazee. Walikuwa wakipiga makofi. Kesho yake akahamishiwa kijiji cha mpakani.

Mavuno mawili baadaye, Mlekwa alimwangukia mlangoni, mkono ukivuja damu. Igulu, jemadari wake, alikuwa amempindua.

"Waambie, dada. Waambie mtemi akishuka hauawi."

Igulu alifika na bunduki zake, na wazee walewale nyuma yake. Kalunde akasimama mlangoni, akakisema kiapo chote, neno kwa neno.

Igulu akawageukia wazee. "Mmewahi kuyasikia maneno hayo?"

Wakatazama chini. Mkubwa wao, Shigela, akakohoa.

"La, Mtemi. Siku ile ngoma zilikuwa nyingi."

Mlekwa aliuawa palepale uani. Kalunde alimchimbia kaburi kwa jembe lake mwenyewe, wala hapana aliyemsaidia. Kabla udongo haujakauka, Igulu alimtumia mjumbe kwa heshima zote, akimwomba aje kumwapisha.

Hakwenda. Igulu akatawazwa bila kuapa chochote, na baada yake wengine, na wengine tena. Majina yao yote yamehifadhiwa vizuri; kiapo hakikusemwa tena.