Sungura Hashikwi Masikio

Lifti ilikwama katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa ya chakula cha mchana, jengo likiwa limefurika watu kama siafu. Waliokuwa ndani walihaha kila mtu kwa mtindo wake. Mmoja alibonyeza vitufe vyote, mwingine akautwanga mlango ngumi, na mama mmoja mnene akaanza kuwaomba radhi kwa sauti watu wote aliowahi kuwakosea.

Pembeni kabisa alisimama muuza miwani wa ghorofa ya saba, msichana mrefu aliyevaa gauni la manjano lililomkaa utadhani alizaliwa nalo, na miwani yenye fremu nyekundu. Jengo zima lilimwita Bi Miwani. Mikononi alikumbatia kikapu chenye kifuniko.

"Jamani, msipige kelele," alisema. "Waziri anaogopa."

"Waziri gani tena humu ndani?"

Akafunua kikapu. Alichomoza sungura mweupe mwenye baka jeusi shingoni, mfano wa tai. Alikuwa ametoka kukatwa kucha kwa daktari wa wanyama pale chini. Bi Miwani akamweka sakafuni, akatoa mfukoni kidude cha plastiki, akainua kidole. Waziri akasimama kwa miguu ya nyuma. Tik! kililia kidude, na papo hapo akapewa kipande cha karoti. Kidole kikachora duara, Waziri akazunguka. Tik! Mama mnene akaisahau toba yake, akapiga makofi.

Mara sauti ya kiume ikashuka kutoka juu. "Hiyo tik tik ni nini? Nani anachezea swichi humo?"

"Hakuna swichi! Ni mimi!" alijibu Bi Miwani.

"Wewe ndiye unayelia tik?"

"Namfundisha sungura!"

Sauti ile ikauliza kwa upole mwingi, "Dada yangu, hewa inakutosha huko?"

Lifti nzima ikaangua kicheko. Mlango ulipopanuliwa kwa nguvu, alionekana fundi kijana mwenye ovaroli ya bluu, grisi shavuni, mabega ya mtu aliyezoea kubeba vitu vizito. Alikuwa amejiandaa kuwakuta watu wanaolia, akawakuta wanashangilia. Akampa Bi Miwani mkono kumsaidia kupanda.

"Nimeokoa watu wengi," alisema, akimtazama sungura, "lakini baraza la mawaziri, leo ndiyo mara ya kwanza."

Kuanzia siku hiyo lifti za jengo lile zilikaguliwa kuliko lifti yoyote duniani, na ukaguzi wote ulikuwa ghorofa ya saba. Kisha simu zikaanza.

"Haloo, mwalimu."

"Haloo, Fundi. Lifti imeharibika tena?"

"Lifti nzima, kipenzi. Kibovu ni moyo wangu. Umekwama katikati ya ghorofa."

"Bonyeza kengele, usubiri msaada."

"Nimebonyeza tangu jana!"

Bi Miwani akacheka mpaka mteja aliyekuwa akijaribu miwani akageuka.

Sebule ya Bi Miwani haikuwa na makochi. Ilikuwa na viunzi vya vijiti vya kuruka, bomba pana la kupita ndani, na kikengele kilichotundikwa kwenye kigoda. Fundi alikaa sakafuni na soksi zake, akaonyeshwa kazi. Kidude kinalia sekunde ileile sungura anapofanya jambo sawa, kisha anapewa chakula bila kuchelewa. Ukichelewa, hajui amesifiwa kwa lipi.

"Na akikosea, unamfanyaje?"

"Simfanyi kitu. Nasubiri."

"Asipofanya kabisa?"

"Basi siku hiyo mwalimu ni yeye." Alimpapasa Waziri katikati ya macho. "Huyu nilimchukua kwa watu waliokuwa wakimbeba kwa masikio. Alikuwa akiona mkono tu, anapiga sakafu kwa mguu na kujificha. Nilikaa chini siku nyingi nikimwekea majani, nimempa mgongo. Alipokuja mwenyewe kunigusa kiwiko kwa pua, nililia. Watu wana vyeti vyao ukutani. Mimi nina huyu."

Fundi alimtazama yule mwanamke akiwa na majani ya giligilani kwenye nywele, uso unang'aa, akajua kwamba amekwisha.

Siku moja akampeleka kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipohamia mbali kikazi. Dada alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali. Bi Miwani alivaa gauni la kijani na shanga za kaharabu, na moyoni alikuwa na habari tamu: uongozi wa jengo ulimwomba aonyeshe mazoezi ya Waziri Jumamosi, ukumbi wa chini, mbele ya watu. Alikuwa hajawahi kuonyesha popote.

"Karibu wifi," alisema dada. "Ukitoka kwenye miwani yako, unajishughulisha na nini?"

Bi Miwani alifungua kinywa, lakini Fundi alimwahi. "Anapumzika tu, dada. Kazi ya macho inachosha."

Bi Miwani akaomba kwenda kunawa mikono. Alipokuwa akirudi, alisikia kutoka sebuleni sauti ya Fundi, ya chini na ya haraka: "Ana kaugonjwa kadogo ka sungura. Tukishaoana atakaacha."

Hakupiga kelele. Aliingia, akamaliza chai yake, akamshukuru dada kwa mapokezi, akaaga. Fundi alimfuata mbio hadi kwenye ngazi.

"Mpenzi, kuna nini?"

"Kaugonjwa kangu kamenipanda."

Fundi alibadilika rangi. "Usinielewe vibaya. Kazini wananiita Baba Sungura mpaka nimechoka. Dada naye ni mkali. Nilikuwa nakukinga."

"Unanikinga na nini? Mvua?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Fundi zaidi. "Sungura hashikwi masikio, Fundi. Ukimbeba hivyo anatulia tuli, watu wanasema ameridhika. Hajaridhika, anaogopa. Mimi sibebeki hivyo. Wala sikuficha ovaroli yako kwa mtu yeyote."

Akashuka ngazi kichwa juu. Machozi aliyasubirisha mpaka alipofika kwake.

Simu ziliita, hakupokea. Akipita ghorofa ya chini na kumwona Fundi amesimama na sanduku la spana, alipanda ngazi kwa miguu hadi ya saba. Kila jioni alifanya mazoezi na Waziri kama kawaida, ingawa mara nyingine aliinua kidole na kusahau alitaka kusema nini.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bi Miwani alivaa suti nyeupe na kilemba cha zambarau. Akajitazama kwenye kioo cha duka, akajipenda. Waziri aliruka viunzi vyote, akazunguka, akapita kwenye bomba kama maji. Watu waliguna kwa mshangao. Likabaki zoezi la mwisho, kikengele.

Hapo ndipo lifti ilipofika. Ting! Waziri akaganda. Akajongea kidogo. Ting! ikalia ya pili. Akapiga sakafu kwa mguu, masikio yakalala mgongoni.

"Msukume kidogo!" alisema mtu.

"Hasukumwi," alijibu Bi Miwani. Akaketi sakafuni na suti yake nyeupe, akatulia. Jasho lilimtiririka mgongoni, lakini aliendelea kusubiri.

Ting! nyingine haikuja. Milango ya lifti ilifunguka na kufungwa kimya, watu wakatoka kimya. Waziri akainua sikio moja, kisha la pili. Akaruka taratibu hadi kwenye kigoda, akasimama, akakivuta kikengele kwa meno.

Tik!

Makofi yaliyopigwa hapo yalitikisa vioo. Bi Miwani alimnyanyua sungura wake, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya miguu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuona aibu kulia mbele ya watu.

"Ni yule fundi wa lifti aliyezima kengele zote," mlinzi alimnong'oneza. "Alikimbia kama anawindwa."

Fundi alitokea kwenye mlango wa chumba cha mitambo akihema. Nyuma yake alikuwepo dada yake, mkoba mkononi.

"Nimekuja kumwona mgonjwa," alisema dada bila kutabasamu. Kisha akatabasamu. "Wifi, ugonjwa huu ningekuwa nao mimi, ningeutangaza redioni. Huyu alinieleza yote. Nilimsema mpaka nikakauka koo."

"Nilikuonea aibu mbele za watu," alisema Fundi, "na leo nimeona mwenye kustahili aibu ni nani. Nisamehe."

Bi Miwani akamhamishia Waziri mkono mmoja, akamgeukia. "Dada yako anajua sasa. Mama yako je?"

Fundi akatoa simu, akampigia mama yake, akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, mama. Nimepata mchumba."

"Hujaniuliza!" alinong'ona Bi Miwani.

"Marahaba. Mungu mkubwa! Anafanya kazi gani huyo?"

Watu waliokuwa wakitoka walipunguza mwendo. Fundi aliwaona, akapaza sauti zaidi. "Anauza miwani, mama. Na ni mwalimu wa sungura!"

"Mwalimu wa nini?"

"Wa sungura! Wanaruka, wanapiga kengele. Hakuna mwingine kama yeye mjini!"

"Na wanamsikia?"

"Kuliko nilivyokusikia wewe, mama."

"Hilo si gumu. Nipe huyo mwalimu."

Bi Miwani aliipokea simu kwa mkono mmoja, Waziri akiwa ametulia kwenye mwingine. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli hayo?"

"Kweli tupu, mama. Ndiyo kazi ninayoipenda."

"Vizuri. Na huyu wangu, umemkubali?"

Fundi alikuwa amesimama mbele yake, mafuta ya mashine mikononi, amebana pumzi. Bi Miwani akamwacha asubiri kidogo, kwa raha zake.

"Nimemkubali, mama," alisema.