Kitambaa cha Ndani ya Kola

Alhamisi asubuhi Mama Vifungo alikuwa anamwogesha mwanawe kwenye beseni, akimtania kwamba tumbo hilo siku moja litapasua vyombo vya watu. Jina la Vifungo alipewa na mtaa, maana hakuna nguo iliyowahi kumshinda kwenye cherehani. Mwanawe, wa mwaka na nusu, walimwita Kibonge. Alipomgeuza amsugue mgongo, akaona alama nne za zambarau mbavuni, zimepangana.

Mbio mpaka zahanati. Nesi akapima damu, na majibu yalipotoka akashusha sauti.

"Damu yake nzima. Sasa nisikilize, mama. Mtoto anayejifunza kutembea huumia paji la uso na ugoko. Mbavuni hapaangukiwi. Kuna mtu anamminya huyu. Jumatatu mrudishe. Nikikuta alama mpya, ustawi wa jamii watamchukua."

Wamchukue Kibonge! Nani amminye, jamani? Mume alikuwa safarini kikazi wiki nzima, na mtoto hakutoka mikononi mwa mama yake. Ijumaa, mikono ikavilia damu. Jumamosi, mgongo.

Jumamosi hiyo hiyo akaja bibi jirani, yule anayeosha maiti za wanawake, kuchukua gauni lake. Alipomwona Kibonge ndani ya kishimizi cha maua ya njano, akaganda mlangoni.

"Kitambaa hicho umekitoa wapi?"

"Gauni la marehemu aliyenitangulia humu ndani, bibi. Mume wangu alisema nilichome moto. Mimi fundi mzima, nichome kitambaa kizuri vile? Nimekata vishimizi vitatu."

Bibi akamvua mtoto taratibu. Akatazama.

"Mke wa kwanza wa mumeo nilimwosha mimi," akanong'ona. "Gauni hili nilimvua mimi. Mbavu. Mikono. Mgongo. Hivi hivi. Mumeo alisema ameteleza bafuni, nami nikafumba mdomo, Mungu anisamehe. Mwisho ilikuwa shingo, mwanangu."

Shingo ya Kibonge ilikuwa bado safi.

Mama Vifungo hakulia. Hasira ilimpanda mpaka ikamkausha machozi. Kumbe miaka mitatu anampikia muuaji, anamkunjia mashuka! Bibi alipoondoka, akavikusanya vile vishimizi. Angevichoma, yangeishia hapo. Hakuvichoma.

"Dada," akaviambia, "mtoto hana kosa. Mwenye kosa nitakuletea mwenyewe."

Jumapili mume akarudi. Saa nane mchana alikuwa na harusi ya mwenzake wa kazini.

"Shati langu jipya tayari?"

"Bado kola tu."

Kola, kama hujawahi kushona, haisimami bila kitambaa cha ndani. Yeye alitia vitatu, na maua ya njano yote akayafungia humo kwa uzi wa mara mbili.

"Inabana," mume akalalamika mbele ya kioo.

"Ukiizoea itakaa."

Akamfunga kifungo cha juu kwa mkono wake. Mume akaenda sebuleni kuvaa viatu. Yeye akarudi kwenye cherehani, Kibonge miguuni pake. Akasikia kiti kinaanguka. Akakanyaga pedali. Kisigino kikagonga sakafu. Mara moja. Mara mbili. Akakanyaga pedali. Kisha kimya.

Daktari aliandika kuwa ni moyo. Waliomwosha walitoka wakitazamana, maana shingoni zilikuwa zimejitokeza alama za vidole kumi.

Jumatatu, msiba ukiwa bado mbichi, akamrudisha Kibonge zahanati. Nesi alimkagua kutoka utosini mpaka nyayo. Hapakuwa na doa jipya, na ya zamani yalikuwa yamefifia.

"Hongera, mama. Nenda naye nyumbani." Akampa mkono wa pole, kisha hakuuachia. Akaugeuza kwenye mwanga. Akauomba na wa pili.

"Na wewe," akasema polepole, "jana ulikuwa unakaba nini?"

Mama Vifungo akatazama. Ncha za vidole vyake vyote kumi zilikuwa za zambarau, zimevilia damu mpaka chini ya kucha.