Sauti ya Afande Mulwa

Afande Mulwa alikuwa na chai mdomoni alipojisikia akiongea.

Akameza haraka, akageuka. Chumbani walikuwa wawili tu: yeye, askari jela mwenye miaka ishirini kazini, na Mohdhar, mahabusu aliyefungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali moja ya Upper Hill baada ya kujaribu kujiua rumande. Kesi yake ilikuwa imeahirishwa mara saba.

"Wewe ni mzigo," sauti ilisema tena, taratibu, kwa lafudhi ileile ya Mulwa. "Hakuna mtu anakungoja nje."

Mohdhar akajifunika shuka usoni.

Sista Maurine akaingia amekasirika. "Afande, wacha kumwambia hivyo! Nimekusikia mpaka kwa korido."

"Si mimi, sista. Sijafungua mdomo."

"Ni nani basi? Mko wawili tu."

Mulwa akaweka kikombe chini. Maneno yalikuwa yake kweli. Aliyasema siku ya kwanza akimfunga pingu, huku akicheka.

Sauti ilirudi kila mchana. Kwanza ilikuja harufu ya nywele zinazoungua, kisha godoro likabonyea miguuni pa Mohdhar kana kwamba mtu mzito ameketi, halafu yale maneno yakaanza, hayana haraka, hayana huruma, saa nzima, mpaka Mohdhar akaacha kula, akaacha kulia, akawa anaitikia tu kwa kichwa, kama mtu anayekubali maagizo.

Siku ya nne mkewe, Mabruka, alikuja na mjomba wake, Sheikh Hafiz, mwalimu wa madrasa mjini. Sheikh alisoma aya mpaka jasho likamtiririka. Sauti ikamcheka.

"Jini huyu hakuja na maneno," Sheikh alinong'ona. "Ameyaokota humu humu. Nani aliyatamka mwanzo?"

Mabruka akamkazia Mulwa macho.

"Ni mimi," Mulwa alisema.

"Basi yafute, mwanangu. Mbele yake."

Mulwa akapiga magoti kando ya kitanda. "Mohdhar, nilikukosea. Nilisema uongo. Bibi yako ndiye huyu hapa, amekuja. Nataka kesho nikukute hai."

"Twakungoja, baba Nabiha," Mabruka alisema, akimshika mkono. "Hata kesi waiahirishe mara mia."

Mohdhar akaangua kilio. Alipotulia, akaomba uji. Godoro likainuka, harufu ikatoka nje kupitia mlangoni.

"Umefanya vizuri, afande," alisema Sista Maurine. "Daktari wa akili atamwona saa nane. Mpaka hapo asiachwe peke yake, umeelewa?"

Mulwa akafungua mdomo kumjibu. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, akajishika koo; pumzi tupu.

Ndipo wote wakaisikia sauti yake, ng'ambo ya korido, katika chumba alicholazwa mahabusu mwingine asubuhi ile.

"Wewe ni mzigo," ilikuwa ikisema, taratibu.

Mulwa akakimbilia kule, mdomo wazi, akipiga kelele zisizosikika.