Mlango Uliookoa Watu Sita

Asubuhi ya tatu ya maonyesho ya kumbukumbu za vita, Mwalimu aliikuta tena kadi yake sakafuni, imelala kifudifudi. Akaiokota na kuibandika upya mlangoni. "Mlango huu uliokoa watu sita wakati wa vita," ilisema kadi, kwa mwandiko uleule aliofundishia watoto wa watu miaka thelathini.

Kofia za chuma, redio ya betri, sufuria zilizotobolewa na risasi, vyote vilipangwa ukutani. Mlango peke yake ulisimama katikati ya ukumbi. Seremala aliutengenezea fremu yenye miguu, komeo likaachwa palepale, na mtu aliweza kuuzunguka akaona kwamba nyuma hakuna kitu. Ulitoka kwenye nyumba ya wazazi wa Mwalimu, naye aliringa nao bila kificho.

Adhuhuri, wageni walipokwenda kula, mlango ukabishwa. Mara tatu, taratibu, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu.

"Umesikia?" Mwalimu alinong'ona.

"Nasikia tangu juzi," alijibu mtunza ukumbi, ambaye siku hizo alikuwa akifagia karibu na njia ya kutokea tu, kama vile uchafu wote umehamia huko. "Ningekwambia, ungesema nimelewa."

"Mbona chini hivyo?"

"Mimi niulize mambo ya ufagio, Mwalimu."

Lakini Mwalimu alijua mbona chini. Aibu ikampanda mpaka masikioni, akageukia ukuta ili asionekane uso. Ndipo ikaja harufu ya nyumba zinazoungua, na ndani ya moshi ule harufu ya maziwa ya mama yaliyochachia nguoni.

Mtunza ukumbi alikwenda kumleta shangazi yake, bibi mfupi aliyesifika kwa kutoa majini. Walipofika, wageni walikuwa wamesharudi, wengi wao majirani na wanafunzi wa zamani wa Mwalimu, na wote walikuwa wakiusikiliza mlango. Bibi akaomba kiti, akaketi, akasikiliza pia.

"Nifukuzie tu, shangazi," Mwalimu alimwinamia. "Kesho nauondoa."

"Simfukuzi. Hajavamia huyu, anapiga hodi. Mlimfungia nani nje?"

"Usiniulize mbele ya watu."

"Basi mwache aendelee."

Ukabishwa tena. Mwalimu akatazama zile nyuso zilizomheshimu maisha yake yote, akaona haya hata kuvuta pumzi.

"Jirani yetu," akasema kwa sauti ndogo. "Sisi sita tulikuwa tumejificha ndani. Yeye alikuwa na mtoto mchanga. Mikono imejaa, akabisha kwa mguu. Akasema, mimi niacheni, mchukueni mtoto tu."

"Mama yako akakataa?"

"Mama alinyoosha mkono afungue. Mimi ndiye niliyeushika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikakaa juu ya mkono wa mama mpaka nje kukanyamaza."

Mtunza ukumbi alitazama viatu vyake.

"Kafungue," alisema bibi.

Mwalimu akaenda, akalishika komeo lililokuwa na joto kama bati la juani, akalivuta huku moshi ukimkaba koo na harufu ya maziwa ikimzidia, akauvuta mlango polepole mpaka ukafunguka wote, na upande wa pili palikuwa na ile redio ya betri na ukuta mweupe, basi.

Watu wakashusha pumzi. Mmoja akacheka kidogo.

Kisha mikono ya Mwalimu ikakunjika yenyewe kifuani, mmoja chini ya mwingine, ikalemewa.

"Umempokea?" bibi aliuliza kwa kunong'ona.

Mwalimu akainamia kifua chake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, hakuwahi kuzaa, na chini ya kola ya gauni lake mdomo mdogo wa baridi ulikuwa unatafuta ziwa.