Nusu ya Daftari

Kila asubuhi Skolastika na Mniko, wanafunzi wa darasa la sita huko Kiabakari, waligawana dawati, kifutio na maneno ya kuchokozana. Mwaka ule wa 1983 hata madaftari yalikuwa adimu, kwa hiyo lao moja walilikata katikati. Mwalimu Dafroza alipoandika shairi ubaoni, Skolastika alinakili mistari miwili ya juu, Mniko miwili ya chini.

“Kesho mnieleze shairi hili linazungumzia nini,” alisema mwalimu.

Njiani, Skolastika alisoma nusu yake:

*Kilichofichwa ardhini, hakitalala daima,*
*Siku yake itafika, watu wote watasema.*

Jana alimwona mama akifukia debe la sabuni nyuma ya jiko. Na wiki iliyopita mgambo walimchukua jirani yao kwa kosa la ulanguzi, kuficha sukari! Bila shaka mwalimu alikuwa amejua.

Alilifukua debe, akakimbilia shimo la zamani la machimbo ya dhahabu ili alitupe humo. Kila aliyepishana naye alimdhania mgambo, hata mbuzi beberu mmoja mwenye ndevu.

“Skolastika! Toka ukingoni!” Alikuwa Mwalimu Dafroza, akirudi nyumbani na Mniko.

“Mwalimu, usimfunge mama!” alilia Skolastika. “Shairi lako limemtaja!”

“Limemtaja? Nionyeshe mstari wenye jina lake.”

Skolastika alitazama karatasi. Haukuwepo.

“Mimi nilikuwaga nakwambia unasoma kama kuku anadonoa,” alisema Mniko, akatoa nusu yake:

*Mvua ikishanyesha, utachipuka mtama,*
*Aliyepanda mapema, atavuna kwa salama.*

“Kumbe ni mbegu!” alinong'ona Skolastika.

Mama naye, aliyemwona akikimbia na debe, alifika akihema. “Sabuni ya ubatizo wa mdogo wako!” Alifungua debe. Juu ya miche minne ya sabuni kulikuwa na kibali cha kuinunua, chenye mhuri wa duka la kijiji.

“Sasa mama, uliifukia ya nini?” aliuliza Skolastika.

“Panya, mwanangu! Mche wa tano wameula, wakaniachia alama za meno.”

Mniko alicheka hadi akakaa chini.

Mwalimu Dafroza aliunganisha zile nusu mbili za karatasi. “Woga ni msomaji mbaya, binti yangu. Husoma nusu, nusu nyingine hujitungia. Ukitaka kujua mstari unasema nini, uliza mistari jirani. Na ukitaka kujua mama amefukia nini, muulize mama.”