Chanzo: Lemburis wa Oldonyo Sambu

Mnada wa Ngaramtoni mzima hakuna dalali wa mbuzi anayenizidi macho. Muulize yeyote. Nikiona kwato kwenye vumbi nakwambia mnyama ni dume au jike, na mwenyewe ana haraka kiasi gani ya kumuuza. Shule niliishia darasa la tano, mwalimu alishachoka kubishana na mimi.

Basi Jumamosi moja shemeji yangu Ludovick, Mchaga aliyemuoa dada yangu Nosim, akaniita kwake Daraja Mbili. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nosim anakaanga ndizi uani, watoto wanagombania mpira.

Ludovick kazi yake ni ramani ya vita. Si mwanajeshi, huyo hata kuku jogoo anamkimbiza. Anakaa kwenye kompyuta anaokota video ambazo watu wenyewe wameziweka mtandaoni, na picha za setilaiti ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitazama. Kisha anaweka nukta nyekundu: hapa kuna askari, hapa kuna vifaru, hapa pamelipuliwa. Wenzake wako dunia nzima. Na kila nukta lazima iandikwe chanzo, yaani nani aliyeona. Isiyo na chanzo inafutwa.

"Shemeji, hebu tazama hapa," akasema. Jina la nchi silitaji. Nyika kavu kama ya kwetu, boma la miiba limezungukwa na vumbi. "Mimi naona pamehamwa."

Nikacheka. "Nyie Wachaga ng'ombe mnamfungia ndani mkamletea majani, utajua nini? Fuata njia ya kwenda kwenye maji. Mavi hakuna, mifugo imeshaondoka. Lakini hii njia ni nyembamba na bado mbichi. Ni miguu ya watu. Humo ndani wamejaa, na wanajificha."

"Askari?"

"Anayejificha mchana kweupe ni nani tena?"

Nilisema hivyo. Nilisema nikiwa natafuna ndizi. Ludovick akaweka nukta, chini yake akaandika chanzo ni yeye mwenyewe.

Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe. "Nimekupa heshima yako, shemeji." Nikafungua ramani kwenye simu. Nukta ileile, sasa imeandikwa: *Chanzo: Lemburis, Oldonyo Sambu.* Mpaka boma langu alilionyesha. Nilizunguka mnada mzima na ile simu. Wazee wenye ng'ombe mia tatu hawajawahi kuandikwa kwenye ramani ya dunia!

Nilipofika nyumbani, mbuzi walikuwa wamesimama nje ya boma. Wote wametazama lango. Hakuna aliyekubali kuingia.

Mke wangu, Naisiae, akaja kunipokea. Alikuwa ananong'ona.

"Baba Lesian, wageni wako ni watu gani?"

"Wageni gani?"

"Hao waliokaa langoni. Wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nimewapa maziwa, hawanywi. Wanalitaja jina lako tu."

Nikatazama. Lango tupu. Kibuyu cha maziwa kimesimama chini, na juu ya maziwa kumetanda vumbi la kijivu. Vumbi la Oldonyo Sambu ni jekundu.

Nikafungua ramani tena, nikaitafuta nyumba yangu kwenye picha ya setilaiti. Picha ilipigwa saa sita mchana. Kivuli cha paa kilikuwa kifupi, kama inavyopasa. Lakini uani kulikuwa na vivuli vingine. Virefu. Vyembamba. Vingine vifupi, vya watoto. Vyote vimeelekea mlangoni kwangu.

Watu wa vivuli hivyo hawakuwepo.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, nikashuka mjini. Nyumba ya Ludovick ilikuwa kimya. Alikuwa amekonda. Sakafuni, kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti chake, kulikuwa na doa la kijivu lililosuguliwa likagoma kutoka.

"Nosim yuko wapi?"

"Marangu. Yeye na watoto. Wiki ya pili sasa."

"Lile boma lilipigwa?"

"Siku ya tatu." Akazima kioo cha kompyuta. "Hawakuwa askari, shemeji. Walikuwa akina mama."

"Wakaja kwako."

Akalisugua lile doa kwa soli ya kiatu.

"Wakaja kwako, ukaandika jina langu."

"Wanamfuata aliyeandikwa." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilijaribu kuifuta. Nukta haifutiki. Jina tu ndilo linabadilika."

"Basi libadilishe."

"Watarudi kwangu. Mimi nina watoto."

"Na mimi nina nini, mbuzi?"

Akageuza kiti akanipa mgongo. Mtu niliyempa dada yangu! Mtu ambaye kwenye harusi yake nilichinja beberu wangu wa mbegu.

Nilifika nyumbani jua likiwa utosini. Mbuzi wako ndani ya boma, wametulia. Naisiae ameketi kizingitini anachambua maharage, uso umejaa amani.

"Wageni wako wameondoka," akasema. "Waliuliza tena ulipo. Nikawaelekeza: yuko Daraja Mbili, kwa Ludovick, nyumba ya geti la bluu."

Simu ilikuwa mkononi. Chaji ipo, mtandao upo. Ningeweza kumpigia. Nilikumbuka ule mgongo wake. Nikairudisha simu mfukoni, nikaomba maji ya kunywa.

Jumatatu jirani yake alinipigia. Mlango wa Ludovick uko wazi, kompyuta inawaka, chai haijaguswa. Mwenyewe hayupo. Mpaka leo hayupo, na Nosim ameacha kuniamkia.

Jioni ya Jumatatu ile nikafungua ramani. Kulikuwa na nukta mpya, nyekundu, juu ya Daraja Mbili. Nikasoma maandishi ya chini yake. Nikayasoma tena. Mke wangu hana simu, na hati zote anatia dole gumba.

*Chanzo: Naisiae.*