Nafasi ya Mtu Mmoja

Picha ile ilimkera fundi wa mafriji tangu alipoitia machoni. Siku ya kuipiga alikuwa amewatoa watu wake matembezi, akawapanga kando ya machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji: shemeji yake, mama yake mzazi, mkewe, na binti wa mwisho ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda. Aliwabananisha bega kwa bega hadi shemeji akalalamika kwamba anakamuliwa kama chungwa. Kisha, kwa ile raha yake ya kushika kamera, akapaza sauti: "Aliye nje aingie. Picha ni ya wote." Hapakuwa na mtu nje. Wakacheka, naye akabonyeza.

Sasa picha iko kwenye kompyuta, na kati ya shemeji na mama wa fundi pana nafasi ya mtu mmoja, wazi kabisa, maji yanaonekana nyuma yake.

"Nani aliwaambia mwachane?" akauliza.

"Tuachane wapi, Baba Kitinda?" mkewe akajibu kutoka jikoni. "Tulikuwa tunapumuliana visogoni."

Mafriji yalimpa fundi huyu riziki, lakini roho yake ilikuwa kwenye kamera. Kila akipata nafasi alizunguka mtaani akimpiga picha kinyozi na mteja wake, watoto wanaoruka kamba, mama wa jirani akianika shuka. Kikundi chao cha wapiga picha wa kujifurahisha kilikuwa kinaandaa maonyesho ya picha za familia. Miaka yote aliyokuwa kikundini hakuna picha yake hata moja iliyopata kutundikwa ukutani, na safari hii alikuwa ameapa itatundikwa. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha pengo katikati ya picha, umemtukana.

Akawapanga tena sebuleni. Pengo. Akawapanga uani. Pengo. Akabadilisha lenzi, akaazima kamera ya mwenzake, akawafokea wote kama wezi. Mwenyekiti wa kikundi alipoonyeshwa alicheka na kumwambia awagundishe kwa gundi. Fundi alirudi nyumbani amevimba kwa hasira.

Hasira zake zilimziba macho asione alichokiona mkewe mapema. Pengo lilikuwa linahama. Lilipokuwa karibu na shemeji, mkono wake wa upande ule ulikufa ganzi hadi akashindwa kufunga vifungo vya shati. Likasogea, likamkaa bibi, mama wa fundi, ubavuni, na bibi akaanza kuburuta mguu. Na kila lilipopita ilibaki harufu ya maji yaliyolala, ile ya ndoo iliyosahauliwa na kuota ukoko wa kijani.

"Iache hiyo kamera," mkewe alimwambia kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Niiache kwa sababu ya lenzi mbovu?"

Jioni hiyo alifungua picha ya mwisho. Pengo lilikuwa limefika kwa Kitinda. Mkono wa mtoto ulikuwa umeinuliwa kidogo, karibu kabisa na ile nafasi, vidole vikiwa nusu wazi kama vya mtu anayengoja kushikwa. Fundi akaisogelea kompyuta, na ndipo akasikia, nyuma ya pazia la chumba cha mtoto, nyayo zilizolowa zikijipanga sakafuni, hatua moja kulia, nusu hatua nyuma, kimya, kisha tena nusu hatua, vile vile wanavyojisogeza watu wanaotafuta mahali pao kabla ya kupigwa picha, na katikati ya vishindo hivyo ikatoka sauti ya Kitinda, tulivu, isiyo na hofu hata chembe.

"Hapo panatosha. Usinisukume."

Fundi akaruka kutoka kitini, akalivuta pazia. Chumbani alimkuta mtoto peke yake, na ubavuni mwa kitanda sakafu imelowa.

Kulipokucha mkewe alimwita shangazi yake, mwanamke mkavu wa maneno aliyetoa majini majumbani mwa watu, na ambaye fundi alikuwa akimfanyia mzaha kila harusi. Shangazi hakumkumbusha. Alinusa, akauliza kilichosemwa kule machimboni, akaambiwa.

"Basi ulimkaribisha mwenyewe, mkwe wangu. Sasa anatafuta wa kumpa mkono kwa hiari yake. Hao wakubwa wamemkatalia, ndiyo maana amewaumiza. Mtoto hajui kukataa. Akimpa mkono, ataondoka naye."

"Tufanyeje, shangazi?" fundi akauliza.

"Neno lako lilimwingiza, neno lako limtoe. Wapange, sema asiye wetu atoke, piga picha moja. Halafu ufunge mdomo mpaka nifunge geti. Umenisikia? Usiseme chochote."

Walijipanga uani, geti likiwa wazi, ubani ukifuka, shangazi akinong'ona maneno yake. Fundi akainua kamera. "Asiye wetu atoke," akasema, akabonyeza.

Harufu iliwapita usoni kwa nguvu, na kwenye saruji kavu zikachorwa nyayo za maji moja baada ya nyingine, zikaenda, zikatoka getini. Shemeji akakunja vidole vyake akavitazama. Bibi akausimamia mguu wake na kuanza kulia kwa furaha. Mke wa fundi akakaa chini palepale.

Fundi akatazama kioo cha kamera. Hakuna pengo. Mwanga umekaa vizuri, mabega yamegusana, bibi ana sura ambayo hakuwahi kuipata kwenye picha yoyote. Hii ndiyo ya ukutani. Isipokuwa Kitinda. Kitinda alikuwa amefumba macho.

Uchungu wote ukampanda kwa mpigo, kicheko cha mwenyekiti, lenzi, jioni zote alizopoteza, na mdomo ukamtangulia.

"Jamani, mtoto kafumba macho. Rudini wote kama mlivyokuwa."

Shangazi alikuwa ameshika komeo la geti. Aligeuka, akamtazama fundi, na uso wake ukaishiwa rangi. Hakuna aliyesogeza mguu. Nyayo ziliingia getini kwa haraka safari hii, kama za mtu aliyeitwa na asiyetaka kuchelewa, zikakata uwanja na kusimama kando ya Kitinda.

Mtoto alitabasamu, akasogea kumpisha, akampa mkono.